Daftari la Mgonjwa Winguni: Faida, Hasara na Yanayoipasa Kanazi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika huduma za afya mali hiyo ni uhai wa mtu, na daftari ni kumbukumbu ya matibabu yake. Kwa muda mrefu daftari hilo limekuwa la karatasi: kadi ya kliniki inayotunzwa na mama nyumbani, faili lililo masjala, na vitabu vya MTUHA ambavyo wahudumu huvijaza kila siku na kuvijumlisha kila mwisho wa mwezi. Leo daftari linahamia kwenye kompyuta. Katika halmashauri nyingi nchini, swali la kama taarifa za wagonjwa ziingizwe kwenye kompyuta limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni kompyuta hiyo ikae wapi. Ikae katika chumba cha kituo chenyewe, chini ya ufunguo wa mganga mfawidhi, au ikae mbali, katika kile ambacho wataalamu hukiita wingu?

Swali hili huonekana kuwa la mafundi, na kwa sababu hiyo wahudumu na wagonjwa huachwa nje ya mjadala. Hilo ni kosa. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mama anayefika usiku akiwa na uchungu katika kata ya Kanazi, wilayani Ngara, atapokelewa na mtu anayejua kwamba katika uzazi uliopita alijifungua kwa upasuaji. Ndilo pia litakaloamua ni nani mwingine, na aliye wapi, anaweza kuisoma siri hiyo.

Majedwali yanayojuana

Hifadhidata inayotumika katika mifumo mingi ya afya ni ya aina iitwayo hifadhidata ya mahusiano. Msingi wake uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani. Wazo lake ni rahisi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kushika vitabu vya MTUHA. Taarifa hupangwa katika majedwali: moja la wagonjwa, jingine la mahudhurio, jingine la majibu ya maabara, jingine la dawa. Kila mgonjwa ana namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoyaunganisha majedwali yote. Jina huandikwa mara moja tu. Likisahihishwa, limesahihishwa kila mahali.

Nguvu ya hifadhidata ya namna hii ni kwamba haivumilii uzembe. Haikubali jibu la maabara lisilo na mgonjwa. Dawa inapotolewa dirishani, kuna hatua mbili: kuandika dozi aliyopewa mgonjwa na kupunguza akiba iliyo stoo. Hatua hizo hufanyika zote au hazifanyiki kabisa. Umeme ukikatika katikati, hakuna nusu. Mifumo kadhaa inayojulikana Afrika Mashariki imejengwa juu ya msingi huu. DHIS2, ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za MTUHA kutoka vituoni, hutumia hifadhidata iitwayo PostgreSQL. OpenMRS, iliyoanza kubuniwa mwaka 2004 kutokana na kazi iliyofanyika Mosoriot na Eldoret, magharibi mwa Kenya, hutumia MySQL.

Hifadhidata hiyohiyo inaweza kuwekwa kwenye seva ndogo iliyo kituoni, au kwenye wingu. Wingu halina muujiza. Ni seva za mtu mwingine, zilizo katika jengo lenye umeme wa akiba, viyoyozi na walinzi, ambazo hufikiwa kwa intaneti na kulipiwa kadiri zinavyotumika. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha hifadhidata za mahusiano kwa mtindo huu mwaka 2009. Majengo ya kampuni kubwa yalianza kusogea kusini mwa Afrika baadaye: Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua vya Cape Town mwaka 2020. Tanzania nayo ina Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa hiyo kusema taarifa ziende winguni hakumaanishi lazima zivuke mpaka.

Yanayolitetea wingu

Hoja ya kwanza, na iliyo nzito kuliko zote, ni utunzaji. Hifadhidata haijiendeshi yenyewe. Inahitaji mtu wa kuiwekea marekebisho ya usalama, wa kuchukua nakala akiba kila siku, na wa kuzijaribu nakala hizo kabla ya siku ya balaa. Kituo cha kata hakina mtu huyo. Mara nyingi kazi humwangukia muuguzi au mtaalamu wa maabara mwenye uelewa wa kompyuta, na siku anapohamishwa, ujuzi nao huhama. Seva yenyewe hukaa juu ya meza, kwenye vumbi na umeme unaopanda na kushuka, katika ukanda wa Maziwa Makuu ambao ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Radi moja inaweza kufuta kumbukumbu za miaka mitano. Katika wingu, kazi hizo za utunzaji hufanywa na watu wenye taaluma hiyo, na nakala huwekwa katika jengo zaidi ya moja. Akiba haiozi.

Wapo wanaoamini kwamba kilicho chumbani mwao ni salama kwa kuwa wanakiona. Imani hiyo haina msingi. Mwezi Juni 2024 wahalifu wa mtandaoni waliivamia Huduma ya Taifa ya Maabara ya Afya ya Afrika Kusini, wakafunga mifumo yake na kufuta sehemu ya nakala akiba. Hospitali za umma zikasubiri majibu ya vipimo kwa wiki kadhaa, nchi ikiwa inakabiliana pia na mlipuko wa homa ya nyani. Ikiwa taasisi yenye ukubwa huo iliweza kuvamiwa, kompyuta ya kata isiyo na msimamizi haiwezi kujisifu.

Hoja ya pili ni safari ya mgonjwa. Mtu wa Kanazi akizidiwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge, na ugonjwa ukiwa mgumu zaidi, hadi Bukoba au Bugando jijini Mwanza. Kinachosafiri naye ni barua ya rufaa iliyoandikwa kwa haraka, ambayo hulowa mvua, hupotea, au huandikwa kwa mwandiko usiosomeka. Taarifa zikiwa kwenye seva iliyofungiwa Kanazi, daktari wa Murgwanza hazioni. Zikiwa winguni, anaweza kuziona kabla gari la wagonjwa halijafika.

Hoja ya tatu ni magonjwa ya mlipuko. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilithibitisha ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Biharamulo, inayopakana na Ngara. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa waliugua, 2 kwa kuthibitishwa na maabara na 8 kwa kukisiwa, na wote walifariki. Miaka miwili nyuma, Machi 2023, ugonjwa huohuo ulikuwa umezuka Bukoba Vijijini. Katika mapambano ya aina hii silaha kubwa ni orodha: nani aliugua, alihudumiwa na nani, alilala wodi gani, nani alimgusa. Ngara ina barabara kuu ziendazo Rwanda na Burundi, na mtu aliyemhudumia mgonjwa Biharamulo asubuhi anaweza kuwa mpakani jioni. Orodha iliyogawanyika katika seva kumi zisizozungumza haiwezi kumfikia kwa wakati.

Yanayolipinga

Pamoja na uzito wa hoja hizo, wingu lina madai yake, na Kanazi ndipo madai hayo yanapouma.

La kwanza ni njia ya kulifikia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika wilayani Ngara. Ndiko unakounganishwa na Rwanda katika Rusumo na Burundi katika Kabanga. Lakini mkongo kupita wilayani ni jambo moja, na kufika katika chumba cha daktari ni jingine. Kipande cha mwisho hutegemea mnara wa simu, kifurushi kilicholipiwa, na umeme. Vivyo hivyo maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini umeme ulio kwenye gridi si lazima uwepo kwenye soketi ya zahanati saa nane usiku. Kituo kilichoweka kila kitu winguni, mtandao ukikatika, hubaki na kioo cheupe mbele ya foleni ya wagonjwa.

Hata mtandao usipokatika, umbali una gharama yake. Kufungua ukurasa mmoja wa mgonjwa, programu isiyotengenezwa vizuri inaweza kuiuliza hifadhidata maswali mia moja madogomadogo. Seva ikiwa chumba cha pili, maswali hayo hujibiwa kabla mhudumu hajapepesa jicho. Ikiwa mbali, na kila swali likichukua sehemu mbili za kumi za sekunde kwenda na kurudi, mhudumu atasubiri sekunde ishirini. Kwa wagonjwa sitini kwa siku, hizo ni dakika ishirini za kuutazama ukurasa mmoja tu ukifunguka. Matokeo yake yanajulikana: mhudumu huandika kwanza kwenye karatasi, akakusudia kuingiza jioni, na jioni haifiki.

La pili ni mahali lilipo wingu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu kwa siku kadhaa. Taarifa iliyohifadhiwa Cape Town au Ulaya hupita katika nyaya za namna hiyo. Taarifa iliyohifadhiwa Dar es Salaam inaweza kufika Ngara kwa mkongo wa nchi kavu, bila kuigusa bahari. Tofauti hiyo haionekani siku za kawaida. Huonekana siku ya shida, nayo ndiyo siku inayohesabiwa.

La tatu ni fedha. Seva hununuliwa mara moja, wingu hulipiwa kila mwezi, na kwa kampuni za nje hulipiwa kwa dola. Siku ileile Marburg ilipothibitishwa Biharamulo, tarehe 20 Januari 2025, serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Mwezi uliofuata programu ya DHS, iliyokuwa ikizisaidia nchi nyingi kufanya tafiti za afya ya kaya tangu mwaka 1984, ilisimamishwa. Somo lake kwa halmashauri liko wazi. Mfumo ambao ankara yake inalipwa na mfadhili ni mfumo wa kuazima. Mfadhili akiondoka, daftari la wagonjwa linaweza kufungwa kwa deni ambalo hakuna aliyelipangia bajeti.

La nne ni kwamba wingu nalo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la data la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliodhani kuwa nakala akiba zao ziko mahali pengine wakagundua kuwa hazipo. Mei 2024 kosa la mpangilio katika Google Cloud lilifuta wingu binafsi la UniSuper, mfuko mkubwa wa pensheni wa Australia. Mfuko huo ulinusurika kwa msaada wa nakala akiba, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Anayekodi nyumba huachiwa na mwenye nyumba kazi ya kutengeneza paa, lakini vyombo vilivyomo ndani hubaki kuwa jukumu lake.

Siri ya mgonjwa

Lipo jambo ambalo haliwezi kupimwa kwa sekunde wala kwa dola. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeundwa kuisimamia. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Halmashauri au shirika linaloweka kumbukumbu za wagonjwa katika wingu la nje bila kuyasoma masharti hayo linamweka mgonjwa katika hatari, na linajiweka lenyewe mbele ya sheria.

Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa uzito wa orodha za majina. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja na kujaa Benaco. Kuandikisha majina ndiko kulikowezesha kugawa chakula na kuchanja watoto. Na nchini Rwanda, mwaka huohuo, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vilitumika vizuizini kuchagua nani auawe. Orodha huokoa au huangamiza kulingana na mkono unaoishika. Hata leo, mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kijiji ambacho kila mtu anamjua ana sababu ya kuuliza ni nani anaiona namba yake.

Hapa wingu lina sura mbili. Seva iliyo kituoni inaweza kusomwa na karani ambaye ni jirani wa mgonjwa, na hakuna atakayejua. Wingu lililosimamiwa vyema huandika kila aliyefungua faili na saa aliyolifungua. Kwa upande mwingine, nywila moja iliyobandikwa ukutani hufungua faili moja tu la karatasi kama ufunguo wa kabati, lakini winguni hufungua mafaili ya wilaya nzima.

Njia inayoifaa Kanazi

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa mahali kama Kanazi, jibu la busara ni kuwa na vyote viwili, kwa mpangilio. Nakala kuu ya hifadhidata ikae katika wingu lililo ndani ya nchi, chini ya miongozo ya serikali mtandao. Kituo kiwe na kompyuta ndogo yenye betri na umeme wa jua, yenye nakala ya wagonjwa wake, inayofanya kazi mtandao uwepo usiwepo, na inayopelekeana taarifa na wingu kila mtandao unaporudi. Njia hii imekwisha kujaribiwa jirani kabisa. OpenMRS ilipoanza kutumika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, mwaka 2006, na kuenea katika vituo vya vijijini, ililazimu kutengeneza namna ya seva za vituo kupelekeana taarifa pale mtandao ulipopatikana.

Njia hii ina gharama yake, na haifai kufichwa. Hifadhidata ya mahusiano hupenda kuwa na ukweli mmoja. Nakala mbili zikitengana kwa siku mbili, kila moja ikiandikwa, zinaweza kupingana: mgonjwa aliyesajiliwa Kanazi anasajiliwa upya Murgwanza, jina lake likiandikwa kwa R huku na kwa L kule. Dawa ya tatizo hili ilikwisha kupatikana enzi za karatasi. Namba ya mgonjwa wa kliniki ya CTC hubeba ndani yake namba ya mkoa, wilaya na kituo, kwa hiyo vituo viwili haviwezi kutoa namba moja hata visipowasiliana. Kanuni hiyo iongozwe mbele: kila kituo kitoe namba zake, mahudhurio na majibu yaongezwe tu, yasifutwe juu ya mengine, na taarifa mbili zikipingana, kwa mfano kuhusu mzio wa dawa, mashine isiamue. Zote mbili zionyeshwe kwa mganga, aamue yeye akiwa na mgonjwa mbele yake.

Atakayesema kwamba kompyuta iliyo kituoni inaweza kuibwa asema kweli. Ndiyo maana diski yake ifungwe kwa usimbaji, ili mwizi aondoke na bati na nyaya, asiondoke na siri za watu. Atakayesema kwamba vitu viwili ni ghali kuliko kimoja naye asema kweli. Lakini gharama ya kituo kusimama siku tatu kwa kukosa mtandao hulipwa na wagonjwa, na haionekani kwenye ankara yoyote.

Programu ya hifadhidata nayo iwe huria, kama PostgreSQL au MySQL, inayoweza kuhamishwa kutoka jengo moja hadi jingine. Mkataba wowote wa wingu uandikwe siku za kuagana zikiwa zimefikiriwa: taarifa zitarudishwa kwa umbo gani, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani.

Wajibu wa mhudumu na haki ya mgonjwa

Wahudumu wana maswali ya kuuliza kabla ya kupokea mfumo mpya. Mtandao ukikatika, kazi itaendelea? Nakala akiba iko wapi, na lini mara ya mwisho ilirejeshwa ikafanya kazi? Nani atalipa mwaka wa tatu? Kila mtu ana nywila yake, au idara nzima inatumia moja? Mfumo usio na majibu ya maswali haya haujawa tayari kubeba uhai wa watu, hata ukiwa na sura nzuri kiasi gani.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu kwa mganga. Na mpaka mfumo uthibitike, kadi ya kliniki isitupwe. Ndiyo hifadhidata pekee isiyohitaji umeme.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mtaalamu. Mara moja kila robo mwaka, kituo kizime mtandao kwa siku nzima ya kazi, kwa makusudi na kwa taarifa, na halmashauri irejeshe nakala akiba kwenye kompyuta tupu. Foleni ikisonga kama kawaida, na jina la mgonjwa wa jana likionekana kwenye kompyuta ile tupu, wingu limestahili kuaminiwa. Yakishindikana, ni heri yashindikane siku hiyo iliyochaguliwa kuliko usiku ambao mama amefika na uchungu.